Kililana na Kwasasi: Sheria Moja, Nyakati Mbili

Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilisoma hukumu ambayo wavuvi wa Lamu walikuwa wakiingoja tangu mwaka 2012. Kesi inajulikana kwa jina la mlalamishi wake wa kwanza, Mzee Mohamed Ali Baadi. Yeye na wenzake walikuwa wamemshtaki Mwanasheria Mkuu, Halmashauri ya Bandari, mamlaka ya mazingira NEMA na wengineo kuhusu bandari mpya ya Kililana, ile ambayo ndiyo mlango wa mradi mzima wa miundombinu wa LAPSSET. Majaji walikubaliana nao karibu katika kila hoja kubwa: umma haukuhusishwa ipasavyo, habari hazikutolewa, haki ya mazingira safi ilivunjwa, utamaduni wa mji wa Lamu haukuwekewa ulinzi, na wavuvi walipoteza riziki bila kulipwa. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe Sh1,760,424,000.

Miezi 14 baadaye, tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira likatoa uamuzi wake kuhusu mradi wa pili wa eneo hilo hilo la Hindi, bara ya Lamu: mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi. Jopo likafuta leseni ambayo NEMA ilikuwa imeipa kampuni ya Amu Power tarehe 7 Septemba 2016.

Ukizisoma hukumu hizi mbili moja baada ya nyingine, utaona hoja zinazofanana mno. Zote mbili zinauliza kama watu waliambiwa ukweli wote mapema, kama walisikilizwa, na kama tathmini ya athari kwa mazingira ilifanywa kwa dhati au ilikuwa karatasi ya kukamilisha faili. Zote mbili zinajibu kwamba hapana. Lakini Kililana leo pana gati zilizosimama juu ya maji waliyovua watu wa Lamu vizazi na vizazi, na Kwasasi hapana hata nguzo moja ya mtambo. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchambuliwa. Kwa maoni yangu, ubora wa mawakili na ukali wa majaji hautoshi kuieleza. Inaelezwa na muda: kesi ya kwanza ilisikilizwa huku kazi ikiendelea, na ya pili ilisikilizwa huku kazi imezuiwa na sheria yenyewe.

Kabla ya kufika kwenye bahari, tuanze na nchi kavu, kwa sababu mgogoro wa Kililana ulianza na shamba kabla haujafika majini. Kililana iko bara, ng'ambo ya kisiwa cha Manda, katika ardhi ambayo wenyeji wake wameilima kwa mazoea na urithi, wengi wao bila karatasi ya serikali. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwapa watu wa mwambao nafasi ya kupeleka madai yao ya ardhi mbele ya wakoloni. Mahali ambapo madai hayakupelekwa au hayakukubaliwa pakahesabiwa kuwa ardhi ya Taji, kisha baada ya uhuru pakawa ardhi ya serikali. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vikawang'oa watu wengi wa bara ya Lamu kutoka vijijini mwao. Waliporudi, wengine baada ya miaka mingi, walirudi kwenye mashamba waliyoyajua kwa mipaka ya miti, wakati ofisi za ardhi zilijua mipaka ya ramani tu. Ukubwa wa tatizo hilo ulionekana Julai 2014, pale Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza kufutwa kwa hatimiliki za takriban ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Kwa hivyo ardhi iliyoitwa tupu kwenye vitabu ilikuwa na wateja tele, isipokuwa wale waliokaa juu yake.

Katiba ya 2010 ililiona jambo hili. Kifungu cha 40 kinasema serikali ikichukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, sharti ilipe fidia ya haki, kamili na kwa haraka. Kisha ibara ndogo ya 4 inaongeza jambo ambalo watu wa Kililana wangepaswa kulijua kwa moyo: fidia inaweza kutolewa pia kwa wale wanaokaa kwenye ardhi kwa nia njema hata kama hawana hatimiliki. Wenye mashamba yaliyochukuliwa kwa ajili ya bandari walikubaliwa kulipwa Sh milioni 1.5 kwa ekari. Palikuwa na malalamiko, palikuwa na majina yaliyogombaniwa, lakini kwa ardhi njia ilikuwepo: kupima, kuhakiki, kukadiria, kulipa. Bahari haikuwa na njia kama hiyo.

Hapa ndipo kesi ya Baadi ilipofanya kazi yake kubwa. Bahari haigawiwi ekari. Mvuvi wa madema hana stakabadhi. Anajua mahali pa kutega kwa kulinganisha kilele cha mti na pembe ya kisiwa. Amefundishwa na babake, na mahali pale pana jina ambalo haliko kwenye ramani yoyote ya bandari. Anaingia asubuhi na dau au mtumbwi, anarudi na tafi, changu, kaa au kamba, anauza ufuoni kwa mchuuzi, na hakuna aliyeandika kitu. Ukimpeleka mtu huyu mahakamani na kumtaka athibitishe hasara yake, atathibitisha kwa nini?

Majaji hawakumwachia mzigo huo wote. Walitambua uvuvi wa jadi kuwa haki inayostahili kulindwa, na wakakubali kwamba kuuondoa bila fidia ni kuvunja haki. Hili halikuwa jambo dogo. Sheria ya pwani yetu, tangu ukoloni, imeizoea ardhi yenye hati na kuihesabu bahari kuwa mali ya kila mtu, maana yake mali ya yeyote mwenye nguvu ya kuichimba. Hukumu ya Malindi ikasema kwamba mtu anaweza kuwa na haki katika mahali asipopamiliki, kwa sababu ya kupatumia yeye na wazee wake.

Na ni vyema kueleza kwa nini mlango ule wa maji ulikuwa na thamani kuliko eneo lingine lolote la bahari. Wakati wa kusi, bahari ya nje ya visiwa huchafuka kiasi kwamba vyombo vidogo vya tanga na kasia haviwezi kuikabili. Kwa miezi hiyo, wavuvi wasio na mashine hutegemea maji yaliyokingwa: hori, milango baina ya visiwa na bara, kando ya mikoko. Ghuba ya Manda ni maji ya aina hiyo. Kina chake na ukingo wake ndivyo vilivyowavutia wapangaji wa bandari, na ndivyo vilivyowalisha wavuvi. Mashine za kuchimba sakafu ya bahari zilipoingia, tope likatanda juu ya nyasi za bahari na matumbawe, mikoko ikakatwa, na njia za vyombo zikawekewa mipaka. Mtu wa Kililana, wa Mokowe au wa Matondoni akiambiwa aende akavue mbali zaidi, anaambiwa anunue chombo kingine, mashine, mafuta, na ujuzi wa bahari ambayo hakulelewa nayo.

Majaji waligusa pia jambo la utaratibu ambalo kwangu lina uzito sawa na fidia. Mradi wa ukubwa wa LAPSSET, wenye bandari, reli, barabara, bomba la mafuta na miji mipya, haupimwi kipande kimoja kimoja. Kinachotakiwa kwanza ni tathmini ya kimkakati, inayoangalia mpango mzima na kuuliza kama unafaa hapo na kwa namna hiyo, ndipo tathmini ya gati 3 za kwanza ifuate. Kililana ilifanyiwa kinyume: gati zilipimwa peke yake huku mpango ukiwa wa gati 32. Mwenye kusoma ripoti ya gati 3 hawezi kujua bahari itakuwaje zikijengwa 29 zilizobaki. Mahakama ikaona pia kwamba serikali ya Kaunti ya Lamu haikuhusishwa inavyotakiwa, na kwamba hapakuwa na mpango wa kuulinda Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, usimezwe na mji wa bandari.

Hizo ni kasoro za msingi wa mradi wenyewe. Lakini siku hukumu inasomwa, gati ya kwanza ilikuwa tayari inajengwa. Jiwe la msingi la LAPSSET liliwekwa tarehe 2 Machi 2012 mbele ya Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, mwaka ule ule ambao kesi ilifunguliwa. Kesi ikatumia miaka 6. Sehemu ya miaka hiyo ililiwa na swali la mahakama ipi yenye mamlaka, Mahakama Kuu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa sababu madai yalichanganya haki za binadamu na mazingira. Mkandarasi hakungojea jibu la swali hilo. Tarehe 20 Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliizindua gati ya kwanza.

Kwa hivyo hukumu haikuisimamisha bandari, na kwa kweli ilikuwa imechelewa kuweza kuisimamisha. Iliagiza kasoro zirekebishwe, na ikaamuru malipo. Tathmini ya kimkakati inayofanywa baada ya gati kujengwa haiwezi tena kuuliza kama gati ijengwe. Kila tamko la haki katika hukumu ile lilikuwa sahihi, na kila moja lilielezea kitu ambacho kilikuwa kimeshapotea au kilikuwa kinaendelea kupotea.

Tuziangalie fedha zenyewe. Sh1,760,424,000 zikigawiwa sawasawa kwa watu 4,600, kila mmoja anapata takriban Sh382,000. Kumbuka bei ya ekari moja ya shamba la Kililana: Sh milioni 1.5. Mtu aliyekuwa na ekari moja tu alithaminiwa karibu mara 4 ya mvuvi aliyepoteza bahari ambayo ingewalisha hata wajukuu wake. Siwalaumu majaji kwa hesabu hiyo. Walifanya kazi kwa takwimu zilizokuwa mbele yao, na bila hukumu yao kiasi kingekuwa sifuri. Ninachosema ni kwamba fidia ya bahari huhesabiwa kwa watu waliopo leo, kwa orodha, na bahari haikuwa mali ya orodha. Mwanamke anayekaanga samaki ufuoni, kijana ambaye angeanza kuvua mwaka unaofuata, fundi wa madau, mshonaji wa nyavu, wote waliishi kwa ghuba ile ile. Lakini amri ya fidia iliwataja wavuvi.

Halmashauri ya Bandari ilikata rufaa. Baadaye pande zikakaa mezani, zikafikia makubaliano kwamba asilimia 65 ya fidia ilipwe kwa fedha taslimu na asilimia 35 kwa vyombo na zana za uvuvi. Kwa mgao wa sawasawa, fedha taslimu zinashuka hadi kama Sh248,000 kwa mtu. Na miaka ikapita baada ya hukumu kabla wavuvi hawajaanza kuona chochote mkononi. Wengine waliitwa kwenye uhakiki wakiwa wazee. Wengine walifariki wakiwa bado ni majina kwenye orodha. Katiba inasema fidia iwe ya haraka. Neno hilo limo katika kifungu chenyewe, na ndilo lililotekelezwa kwa uchache kuliko yote.

Sasa twende Kwasasi.

Mtambo wa makaa ya mawe ulikuwa utoe megawati zaidi ya 1,000 kwenye ardhi ya ekari 975. Chama cha Save Lamu na wakazi kadhaa walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, Novemba 2016. Hoja zao hazikuwa ngeni kwa aliyeifuata kesi ya Baadi. Mikutano iliyoitwa ya kuhusisha umma ilifanywa mwanzoni, ya kuutambulisha mradi, kabla ripoti ya athari haijakamilika. Ripoti yenyewe, nene na ya kitaalamu, haikufikishwa kwa watu kwa namna ambayo wangeweza kuielewa na kuijibu. Mtu anaweza kuketi katika mkutano, akanywa soda, akatia sahihi karatasi ya mahudhurio, na bado asijue majivu yatamwagwa wapi wala maji ya moto ya mtambo yataingia sehemu gani ya bahari. Jopo likaona kwamba huko si kuhusisha umma, na kwamba ushirikishwaji ndio unaoipa tathmini uhai wake. Likaona pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, iliyokuwa imeshaanza kutumika leseni ilipotolewa, haikuzingatiwa. Amu Power ikaambiwa kama bado inautaka mradi, ianze tathmini upya.

Jopo lilichukua zaidi ya miaka 2 na nusu kufika hapo. Hiyo nayo ni kesi ndefu. Lakini kwa muda wote huo hakuna jiwe lililowekwa Kwasasi, na sababu mojawapo iko katika kifungu cha 129 cha sheria ya mazingira, EMCA. Wakati rufaa ile inafunguliwa, kifungu hicho kilisema kwamba mara tu rufaa ikifika mbele ya jopo, hali ya mambo itabaki kama ilivyo hadi rufaa iamuliwe. Mlalamishi hakuhitaji kuomba. Hakuhitaji kumshawishi jaji kwamba ana kesi yenye nguvu, wala kuweka dhamana, wala kupambana na mawakili wa kampuni wiki ya kwanza akiwa bado anatafuta nakala za stakabadhi. Kufungua rufaa kulitosha kuzizuia mashine.

Wavuvi wa Kililana hawakuwa na kinga hiyo. Walikwenda Mahakama Kuu kwa ombi la kikatiba, na huko agizo la kusimamisha kazi haliji lenyewe. Huombwa, hubishaniwa, na jaji hupima manufaa ya umma. Mbele ya mradi ulioitwa nguzo ya Ruwaza ya 2030 na uliozinduliwa na viongozi wa nchi 3, mizani hiyo inaelemea upande mmoja kabla mvuvi hajafungua mdomo.

Nitaje kwa haki kwamba sheria haikuwa peke yake Kwasasi. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa kwenye mradi mwaka 2019, na benki ya ICBC ya China ikafuata mwaka 2020. Kampeni dhidi ya makaa ya mawe ilikuwa ya dunia nzima. Lakini benki hujitoa kwenye mradi ambao haujajengwa. Ukishajengwa, fedha zao zimo ndani na hawawezi kuondoka. Muda ule wa kesi, kazi ikiwa imesimama, ndio uliowapa nafasi ya kufikiri upya. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilipoitupa rufaa ya Amu Power, ilikuwa inalinda ufuo ambao bado upo.

Sheria ya Afrika Mashariki imekuwa ikijifunza somo hili kwa mwendo wa kwenda na kurudi. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alijaribu kuzuia jengo refu katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, na mahakama ikamwambia hana haki ya kushtaki kwa sababu hakuonyesha madhara yanayomhusu yeye binafsi. Katiba ya 2010 ilikuja kulifuta wazo hilo moja kwa moja: kifungu cha 70 kinasema anayeshtaki kwa ajili ya mazingira hahitaji kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au ameumia. Nadhani hiki ndicho kifungu kisichotumika kwa ukamilifu wake kuliko vyote. Kinamruhusu mtu kuja mapema, kabla ya kuumia, na thamani yake yote iko hapo. Ukija baada ya kuumia, kifungu hicho kimekusaidia kidogo sana.

Pwani ya Kenya ilikuwa na mfano hata kabla ya Katiba mpya. Mwaka 2001, Mahakama Kuu ya Mombasa ilitoa agizo la kuizuia kampuni ya Tiomin kuendelea na mpango wa kuchimba titani Kwale, kwa sababu hapakuwa na tathmini ya athari inayotakiwa na EMCA, sheria iliyokuwa changa mno wakati huo. Arusha nako, tarehe 20 Juni 2014, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilizuia ujenzi wa barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti, katika kesi iliyoletwa na shirika la kutetea wanyama kutoka Nairobi, ANAW. Barabara ilikuwa bado kwenye karatasi. Kisha mahakama hiyo hiyo, Novemba 2023, ikaitupa kesi ya bomba la mafuta la EACOP kutoka Uganda hadi Tanga bila kuingia kwenye kiini chake, kwa kuwa ililetwa nje ya muda wa miezi 2 uliowekwa na Mkataba wa Jumuiya. Mahakama moja, aina moja ya madai, na kilichoamua ni kalenda.

Na mtu akishinda baada ya madhara, anaingia safari ya pili. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda Sh bilioni 1.3 mwaka 2020. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watoto waliopimwa damu wakiwa wa shule ya msingi wamekuwa watu wazima ndani ya faili. Waogiek walishinda kesi ya ardhi yao mbele ya Mahakama ya Afrika mjini Arusha mwaka 2017, wakapata hukumu ya fidia mwaka 2022, na ushindi wao bado unadai utekelezaji. Ukiidai serikali ya Kenya fedha, kifungu cha 21 cha sheria ya kesi za serikali kinazuia mali yake isikamatwe wala kupigwa mnada. Unachopata ni cheti cha deni, kisha unarudi mahakamani kuomba afisa husika aamriwe kulipa, na kama bado halipi unarudi tena kuomba aadhibiwe kwa kuidharau mahakama. Mfanyabiashara mwenye wakili wa kudumu anaweza kuifuata njia hiyo. Mvuvi wa Ndau au Kizingitini, ambaye nauli ya kufika Malindi peke yake ni mapato ya siku kadhaa, huchoka njiani.

Kwa sababu hizi zote, kilichotokea mwishoni mwa 2018 kilistahili kelele kubwa zaidi kuliko kilizopata. Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria mbalimbali kwa pamoja, na ndani yake kifungu cha 129 kikabadilishwa. Rufaa haisimamishi tena kazi yenyewe kwa yenyewe. Sasa jopo linaweza kutoa agizo la kubakisha hali ilivyo, likiombwa na kuridhika. Kinga iliyowafaa watu wa Lamu dhidi ya makaa ya mawe imegeuzwa kuwa ombi, na anayekata rufaa leo anaanza pale walipoanzia wavuvi wa Kililana mwaka 2012.

Watetezi wa mabadiliko hayo wana hoja, na si ya kupuuzwa. Kusimamisha kazi moja kwa moja kulitumiwa vibaya. Palikuwa na majirani waliopinga ghorofa kwa sababu ya kivuli, na washindani wa biashara waliokata rufaa ili kuchelewesha tu, huku mkopo wa mjenzi ukizaa riba kila mwezi. Jopo likichukua miaka kuamua, kinga ya mlalamishi huwa adhabu kwa mwenzake. Lakini dawa ya hayo ilikuwa kuliongezea jopo wanachama na muda wa kuamua, au kutenganisha miradi midogo na ile inayobadilisha sura ya ghuba nzima. Jirani wa ghorofa akikosea, hasara ni ya miezi. Bahari ikichimbwa hadi sakafu, hakuna agizo la kuirudisha.

Hoja nyingine ni kwamba Lamu ilihitaji maendeleo, na bandari ni ajira. Wapo watu wa Lamu wanaosema hivyo, wenye watoto waliosoma na wasio na kazi, nami nawaamini. Lakini kesi ya Baadi haikuomba bandari ikataliwe moja kwa moja, na majaji hawakusema Lamu isiwe na bandari. Swali lilikuwa utaratibu: nani aliulizwa, lini, na kwa habari gani. Bandari iliyoulizwa mapema ingeweza kupangiwa njia za vyombo vidogo, fidia kabla ya kuchimba, na vijana wa Kililana kufundishwa kazi za gati kabla gati haijafunguliwa. Hayo yote yaligeuka kuwa madai ya baada ya kazi kwa sababu hayakuwa masharti ya kabla ya kazi.

Ushindi wa Kwasasi nao umeacha watu wake njiani. Wakulima ambao mashamba yao yalitengewa mtambo waliishi miaka wakingoja fidia iliyoahidiwa, wasijue kama wapande minazi na mikorosho au waache. Mradi ulipokwama, fidia haikuja. Hukumu ya kufuta leseni haiwasemi watu hawa, na hakuna kesi kubwa iliyobeba jina lao. Kwa macho yangu hilo ndilo pengo lililobaki katika sheria yetu ya mazingira: haijui kumlipa mtu aliyesimamishwa maisha na mradi ambao haukujengwa.

Kwa mpango wa LAPSSET, Kililana bado ina gati 29 za kujengwa, pamoja na mji wa bandari, eneo maalumu la uchumi na bomba la mafuta. Kila kimoja kitahitaji leseni. Atakayeipinga leseni hiyo mbele ya jopo ana siku 60 tangu uamuzi wa NEMA, na kwa sheria ilivyo sasa, karatasi ya kuomba kazi isimame inatakiwa iingie siku moja na rufaa yenyewe, ikiwa na ushahidi wake: majina ya maeneo ya uvuvi, misimu yake, picha za mikoko kabla ya kukatwa, kumbukumbu za mikutano iliyofanyika na ambayo haikufanyika. Ushahidi huo hauwezi kukusanywa ndani ya siku 60 kama haukuanzwa kabla. Vikundi vya ufuo vya Lamu, ambavyo sasa vina uzoefu wa kesi mbili kubwa, vinaweza kuuanza leo, kwa daftari na simu, kabla gati inayofuata haijapata hata namba ya faili.